Kilti ya Kijana wa Unguja

Juzi, kwenye mgahawa mmoja wa Xiaobei, hapa Guangzhou, China, aliingia kijana wa Unguja amevaa kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa Uskoti. Ilikuwa ya kijani yenye drafti na iliishia juu kidogo ya magoti. Mkoba wake ameukumbatia mbele kama ngao.

"Karibu, dada!" wafanyabiashara wawili wa Dar wakampokea, wakagongeana viganja.

Akaketi kwenye meza yetu, karibu na mama mmoja wa Mombasa. "Nimeivaa chumbani mwezi mzima," akamnong'oneza. "Leo nikishindwa kufika nayo kituo cha metro, naigawa."

Mama akawageukia wale wawili. "Kwani nyumbani hamvai kikoi? Nacho kina miguu kama suruali?"

"Kikoi ni heshima, mama! Hicho kina marinda."

"Kumbe heshima yenu inaisha pasi inapokunja marinda." Kisha akamwambia kijana, "Na wewe mwanangu, shusha huo mkoba. Acha kuivutavuta. Tembea."

Akautupia begani, akatoka. Wale wawili wakamkimbilia na simu, wakatembea kinyumenyume mbele yake wakimrekodi.

Nikasimama mlangoni, nikiwafuata kwa macho. Wapita njia Wachina walikodoa macho kweli, ila kilti hawakuijali. Walishangaa wanaume wazima wawili wanaopiga picha magoti ya mwanamume mwenzao. Kijana akashuka ngazi za metro pasipo hata mmoja kumgeukia.

Kwa yeyote anayeogopa kuvaa apendacho, nashauri atoke na wanaomcheka. Macho yote yatawaendea wao.