Laptopu Iliyokataa Kuzima kwa Fundi

Nusrat alianza kwa kuuza mabanzi ya kuni pale Mafinga, akapanda hadi mbao, mwisho akafungua karakana ya milango na makabati. Mteja wa siku hizi hataki kuchorewa kwa kidole hewani. Anataka kuliona kabati kwenye laptopu limesimama kama liko chumbani kwake. Kwa hiyo laptopu ilipoanza kujizima katikati ya kazi, riziki nayo ilitetereka.

Mzee Saulo wa Iringa, aliyekuwa akijenga nyumba ya wageni, hakumficha. "Michoro niione leo jioni. Nisipoiona, kazi nampa fundi wa Makambako."

Kasian, fundi wa kompyuta wa pale stendi, alishapiga Windows upya mara mbili. Dukani kwake laptopu ilishinda ikifanya kazi. Ikirudi karakanani, inazima. Asubuhi hiyo Nusrat alipompigia simu, akatoa jipya.

"Dada Nusrat, hii ni motherboard, mashine yenyewe imekufa ndani. Chukua laptopu nyingine tu. Ninayo moja safi kabisa, ya mteja aliyehamia Mbeya."

"Juzi Windows, leo motherboard. Kesho utaniambia jini. Mimi sinunui kwa kubahatisha, fundi. Ugonjwa uko kwangu, njoo uuone kwangu."

Kasian akaja na flashi yenye mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta. "Tukiiwashia hii, Windows haiguswi. Ikizima hivyo hivyo, Windows haina kosa."

Wakaiweka mezani pake, wakaifungulia picha nzito za kuichosha. Chai haijapoa, skrini ikawa giza.

"Umeona? Mashine hiyo," Kasian akasema, kama mtu aliyeshinda kesi.

"Mashine, sawa. Mbona kwako haizimi?"

"Labda umeme wa hapa. Misumeno yenu inauvuruga."

Wakachomoa chaji, wakaiwasha kwa betri. Ikazima tena. Nusrat akaiinua aifungashe, nusura aiachie: tumbo la mashine lilikuwa la moto kama kikaango. Akatazama pale ilipokuwa imekaa.

Mama mkwe wake, Bi Jaha, alikuwa hawezi kuona kitu cha thamani kikae bila kitambaa cha kufuma. Redio ilikuwa nacho, kochi lilikuwa nacho. Laptopu ya mkwewe aliifumia kinene cha sufu, maana baridi ya Mafinga aliijua.

"Kwako inakaa juu ya nini?" Nusrat akamuuliza Kasian.

"Meza tupu."

Nusrat akakivuta kitambaa. Bi Jaha, aliyekuwa akifuma barazani, akamwona mlangoni. "Unakipeleka wapi?"

"Mama, kinaiziba pumzi laptopu."

"Kitambaa changu? Mbona friji haijawahi kulalamika!"

"Friji haijakikalia, mama."

Kasian akafungua mfuniko wa chini. Vumbi la mbao na nyuzi za sufu vilikuwa vimegandamana kwenye feni mithili ya godoro.

"Na hili hukuliona mara zote mbili?" Nusrat akauliza.

"Sikufungua, dada. Kwangu ilikuwa nzima."

"Basi leo nakulipa ya kusafisha tu. Hiyo ya mteja wa Mbeya mtafutie mwingine."

Kasian akacheka, akapuliza, akapiga brashi, akaiweka juu ya vipande viwili vya mbao ya mpaini ili hewa ipite.

"Imepona," akasema.

"Usiniambie imepona. Ichoshe."

Wakaichosha kwa flashi, wakaikodolea macho kama maziwa jikoni. Haikuzima. Nusrat akaamuru flashi itolewe, wakaichosha kwa Windows. Haikuzima. Hapo ndipo alipovuta kiti, akamgeuzia Kasian mgongo na kuanza kuchora. Mchana hakula; alasiri akaituma michoro Iringa.

Jua lilipoinama, Mzee Saulo akapiga simu.

"Michoro nimeiona, binti. Sasa punguza bei."

"Kabati la chumba cha kona umelionaje, mzee wangu?"

"Aa, lile zuri sana! Mke wangu ameng'ang'ania hilo hilo."

"Basi hapo umejimaliza mwenyewe. Sipunguzi."

Mzee Saulo akaguna, kisha akauliza Nusrat atakwenda lini Iringa kupima vyumba.