Bodi Sita za Ma Koku

Mtakaosema nilikuwa nimelewa, semeni. Siku hiyo sikuonja hata tone la rubisi, na ilikuwa saa tisa mchana, hapa hapa kwenye kibanda changu cha ufundi, Miembeni.

Ma Koku, mjane anayeishi kijijini Ngenge, alikuwa ameniletea bodi sita za mashine za gemu, zile za zamani za kutumbukiza sarafu. Marehemu mumewe, Ta Kajuna, maana kwetu mzee wa kiume tunamwita Ta, ndiye aliyenifundisha ufundi huu.

"Mwanangu, zikiwa nzima nitafutie mnunuzi," alisema. "Zikiwa zimekufa, zivunje uziuze skrepa. Paa linanivujia."

Nilizijaribu jioni ile ile. Zote ziliwaka! Mtu mmoja wa Mwanza anayekusanya vitu hivyo akaniambia kwa simu anazitaka zote. Nikampigia Ma Koku: "Ma, zimekufa. Nitakutumia hela ya skrepa." Hela iliyobaki nilipanga kuimeza mimi. Ndiyo, nilimfanyia hivyo mke wa mwalimu wangu. Naona aibu hata kuisimulia.

Kesho yake ikashuka mvua, ile ya Bukoba isiyo na adabu. Akaingia mzee nisiyemjua. Koti kavu, viatu vikavu. Niaminini, nje maji yalikuwa yanafika vifundoni.

Nikampa kahawa ya kutafuna, kama tunavyomkaribisha mgeni yeyote. Akaishika tu mkononi. Akainua bodi moja, akainusa. Ta Kajuna alikuwa hivyo hivyo, hagusi bodi kabla hajainusa. Lakini sura haikuwa yake hata kidogo.

"Hizi zimekufa?" akauliza.

"Zimekufa, Ta."

Akapasua kahawa moja kwa meno, akatoa punje mbili. Moja akala, nyingine akaniwekea kiganjani. Wahaya mmeshanielewa. Kwa msiojua, wazee wetu waliogawana punje za kahawa moja walikuwa ndugu, na ndugu hadanganywi. Nililijua hilo. Nikatafuna hata hivyo. Ningeikataaje?

"Zimekufa?"

"Zimekufa."

Alinitazama kwa huruma. Afadhali angenizaba kibao. "Basi na iwe hivyo," akasema, akatoka. Nilipochungulia, barabara nzima haikuwa na mtu.

Nikaunganisha bodi ya kwanza kwenye skrini. Kimya. Ya pili, kimya. Zote sita! Nikabadilisha nyaya, nikabadilisha umeme, nikapuliza mpaka mate yakanikauka. Mtu wa Mwanza alikuja, akajaribu, akaondoka bila kuaga. Nikazivunja, nikamtumia Ma Koku ile hela ya skrepa.

Haikuishia hapo. Tangu siku ile, redio nikisema imekufa, inakufa kweli, hata kama ilikuwa imeungua fyuzi tu. Siku hizi mteja akiniuliza, namjibu, "Tuone."

Wewe unayenisikiliza, mtu akikuuliza jambo lile lile mara ya pili, usidhani hakusikia. Anakupa nafasi. Itumie, maana mimi ya kwangu niliitafuna.

Wiki moja baada ya kuzivunja zile bodi, Ma Koku alikuja kutoka Ngenge na mkungu wa ndizi.

"Mafundi wengine wangenizungusha, mwanangu," alisema. "Wewe ulinieleza ukweli siku ile ile. Kajuna alikulea vizuri."

Nikaupokea kwa mikono miwili. Nyumbani tulizila ndizi zile mpaka zikaisha, na paa lake linavuja hadi leo.