Matumbo ya Ijumaa

Ijumaa iliyopita, Kwaresima ikiwa katikati, nilisimama mbele ya meza ya matumbo sokoni Kibuye. Mtu mzima, digrii mbili, nikaangaza huku na huku kama mwizi kabla ya kuuliza bei. Sikununua. Mpaka leo naogopa matumbo siku ya Ijumaa.

Chanzo ni nyanya yangu, tuliyemwita Dani. Kwake mtaani Obunga, miaka ya themanini, kila Ijumaa ya Kwaresima ilikuwa ya matumbo, na kuyaosha ilikuwa kazi yangu. Unayageuza kama soksi, unayakwangua kwa kisu, unamwaga maji ya kijani mara tano, na bado harufu inakaa kwenye kucha hadi Jumapili. Jioni jumuiya ikija kusali rozari, wote walikula. Hata mwalimu wa katekisimu alikula, tena aliomba kuongezwa mchuzi.

Mwaka wa Komunyo yangu ya kwanza, mwalimu huyo alitufundisha kwamba Ijumaa za Kwaresima hatuli nyama. Mimi, kwa kimbelembele changu, niliinua mkono nikauliza kuhusu matumbo, nikijua atasema hayahesabiwi. Akasema cha ng'ombe chote ni nyama: ulimi, maini, figo, matum... Niliuona uso wake ukikumbuka ule mchuzi.

Nilishtuka. Dani alikuwa ameahidi kupokea Komunyo kando yangu siku ya Pasaka, na sasa nilimwona akifukuzwa mlangoni mwa mbingu, sufuria mkononi.

Mwalimu alinisindikiza nyumbani. Alikataa kiti, akaeleza yote akiwa wima. Dani alimsikiliza, mwiko mkononi.

"Sasa nile nini, Mwalimu?"

"Samaki, Mama. Samaki anaruhusiwa."

Dani aliuweka mwiko chini polepole. Sijaona tena mtu aliyeshtuka vile.

"Ngege? Samaki mtamu hivyo ni chakula cha wageni. Bwana Yesu amekufa, halafu mimi nikae hapa nilambe vidole?"

Ndipo nikajua jambo ambalo miaka yote sikulidhani: Dani aliyachukia matumbo. Yalimtia kichefuchefu. Alikuwa ameyachagua yawe toba yake.

Mwalimu alisema, kwa sauti ndogo, kwamba sheria ni sheria. Ya zamani alikosa kwa kutojua, aendelee kupokea. Dani alitii. Ijumaa iliyofuata alipika ngege kwa nyanya na dania, akageuza kigoda chake, akaipa mgongo picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu iliyokuwa ukutani, akala harakaharaka kama anayeiba. Pasaka alipokea kando yangu, lakini kigoda hakikurudi kuielekea picha.

Kisha viwanda vya samaki vikashamiri. Minofu ya mbuta ikapanda ndege kwenda ng'ambo, na Obunga tukaletewa mifupa iliyobaki, tuliyoiita mgongo wazi, ya kukaangwa. Ijumaa moja Dani alifyonza mifupa hiyo mpaka ikakauka, halafu akageuza kigoda, akaitazama picha.

"Sasa tumeelewana," akaiambia.

Dani hayupo, na ngege wa ziwani siku hizi ni wa kutafutwa. Nilitoka Kibuye na mgongo wazi umefungwa gazetini. Nyumbani kwangu Migosi hakuna picha ukutani, hivyo nilikula nikiwa sijui nielekee wapi.