Fundi Aliyesoma Mikunjo ya Nguo

Amefariki fundi cherehani wa baraza ya duka la vitambaa, pale karibu na soko letu la Arusha. Habari niliipata Jumanne asubuhi kwa mama mmoja anayeshuka kila siku na ndizi kutoka mlimani. Aliutua mkungu wake, akafunga upya khanga kiunoni, akasema, "Mwalimu, Fundi wetu ametutoka. Tunamzika kesho kwake, kwenye shamba lake la kahawa." Nilikwenda. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ya kupanda ilikuwa tope tupu, na Mlima Meru ulikuwa umejifunika mawingu hadi kifuani. Mwinjilisti alisema marehemu alikuwa Mkristo mwaminifu na mkulima hodari, na yote mawili ni kweli. Lakini pale kaburini hakuna aliyetaja kile ambacho wengi wetu tuliosimama kwenye lile tope tulimpendea, labda kwa kuwa ni jambo dogo mno kwa siku kubwa kama ile. Marehemu alipenda hadithi za picha kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Nawaomba wasomaji wangu waniruhusu nilitaje hapa.

Magazeti yale mnayajua: visanduku vya picha, kimoja baada ya kingine, na maneno ya watu yamefungiwa ndani ya viputo juu ya vichwa vyao. Fundi aliyapata kwa mpishi wa mlowezi mmoja wa upande wa Kisongo. Watoto wa bwana wake wakishayasoma huyatupa, naye huyaokota na kuyaleta mjini yamefungwa kwa kamba ya katani. Yalikuwa ya kila namna. Kulikuwa na ya kuchekesha, ambamo watu wana pua kama viazi na miguu kama vijiti; kulikuwa na ya vita na majambazi, yaliyojaa vivuli vyeusi kama usiku wa msituni; kulikuwa na ya wachunga ng'ombe wa Amerika wenye kofia pana. Mwenye duka naye aliwahi kumpa moja la Kihindi, la wafalme na tembo, mistari yake myembamba kama uzi wa kudarizi. Fundi aliyapenda yote. Siku moja nilimwuliza ni lipi bora kuliko mengine, akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, kanzu ni nguo na kaptura ni nguo. Ukiniuliza ipi ni nguo zaidi, nami nitakuuliza unakwenda wapi."

Aliyatazama kwa jicho la kazi yake. Mchoraji yeyote alimpima kwa namna anavyochora kitambaa: kama suruali inakunjika gotini inavyostahili, kama koti linakaa begani au linaning'inia. Wale wa kuchekesha wasiochora mkunjo hata mmoja aliwasifu pia. Alisema wamekata nguo kubwa makusudi ili mwili ucheze ndani yake, na ndiyo maana tunacheka.

Kila Jumamosi mchana cherehani ilinyamaza, na watu wakajikusanya barazani. Kina mama wa ndizi walikaa juu ya magunia yao matupu. Mzee mmoja Mwarusha, mwenye ng'ombe wengi, alisimama nyuma akiegemea fimbo. Fundi hakujua Kiingereza. Alikuwa amejifunza kusoma Kiswahili katika darasa la ubatizo, basi. Hivyo alieleza hadithi kwa kufuata picha peke yake. Yeye mwenyewe alinisimulia, huku akicheka, kwamba mwanzoni hata viputo vilimshinda. Kwao juu, mwezi wa Julai, mchuma kahawa akifungua kinywa asubuhi pumzi yake hutoka nyeupe kama moshi. Naye akaamua kwamba viputo ni pumzi na kwamba mambo yale yote hutokea nchi ya baridi. Akikuta ukurasa usio na viputo aliwatangazia watu kuwa sasa wameshuka tambarare. Alikwenda hivyo mwezi mzima.

Na wasikilizaji wake walikuwa kama yeye. "Hawa ng'ombe mbona hawana nundu?" yule mzee aliuliza siku moja. "Wanaumwa?"

"Ndivyo walivyo kwao, mzee."

"Na huyu wa kofia anawakimbiza kwa nini? Jioni atakamua nini, jasho?"

Sasa nifike kwenye kosa langu. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, Kiingereza kikinichemka kinywani, na nilikuwa na rafiki zangu watatu tuliokutana kila Jumapili kusomeana miswada ya riwaya zetu. Sisi hadithi za picha tuliziona kuwa uji wa watoto wa fasihi. Jumamosi moja nilipita barazani nikamkuta Fundi ameshika ukurasa juu watu wote wauone. Mwanamume amesimama mlangoni na kofia mkononi. Mwanamke amegeuza uso.

"Huyu bwana," Fundi alisema, "aliondoka hapa kwa ubaya. Leo amekuja kuomba radhi. Oneni koti lake lilivyovutwa begani, mkunjo umeshuka hadi kwenye kifungo. Mtu aliyesimama kwa raha koti lake halifanyi hivi."

"Atasamehewa?" aliuliza yule mama wa ndizi, yule yule aliyenipa habari ya msiba.

"Subiri, mama, tusimharakishe."

Nami nikasema, kwa sauti ya darasani, "Fundi, hapa hakuna radhi yoyote. Imeandikwa wazi kwamba mtu huyu anauza brashi za kusugulia sakafu." Nikasoma kwa Kiingereza, nikatafsiri, nikataja na bei. Hapo karani mmoja aliyekuwa akipita akaangua kicheko: "Kumbe miaka yote hii, Fundi, unatushonea hadithi bila kupima!" Wengine wakacheka kwa kuwa yeye amecheka. Fundi alilikunja lile gazeti taratibu. "Ahsante, Mwalimu," alisema, akaanza kukanyaga cherehani.

Jumamosi iliyofuata hakufungua gazeti, wala ile ya pili. Mpishi alileta furushi, likabaki na kamba yake. Watu walikuja, wakasimama kidogo, wakaondoka. Mtu ambaye kwa miaka alikuwa ameaminiwa na baraza nzima alikuwa ameonekana mwongo mbele yao, na mimi ndiye niliyemfanya hivyo ili nionekane msomi. Nilimfuata faraghani nikamwomba radhi. Alisema, "Hakuna neno," bila kuinua macho kwenye mshono.

Yule mama wa ndizi alinikamata sokoni. "Umemwaibisha mbele za watu, unamwomba radhi pembeni? Huko chuoni mlifundishwa na nani?"

"Sasa nifanye nini, mama?"

"Wewe si mtoto wa huku? Nenda na jani la sale. Hapo hapo, Jumamosi, watu wakiwepo."

Kwa wasomaji wa mbali, sale ni ule mmea mwembamba tunaoupanda mipakani mwa mashamba. Anayeletewa jani lake na mkosaji hawezi kukataa kusamehe, hata kama kosa ni la damu. Nilipanda juu, nikakata jani, nikalifunga fundo, na Jumamosi nikasimama nalo barazani mbele ya wauza ndizi. Fundi alilitazama. Akalipokea, akavuta lile gazeti, akanipa. "Haya, Mwalimu. Soma maneno yote hadi mwisho, usiache hata moja."

Nikasoma. Bwana anasifu brashi. Mwanamke anauliza bei. Bwana anataja. Mwanamke anasema atachukua moja. Basi. Watu wakapiga miayo.

"Mwalimu amemaliza maneno yake," mzee Mwarusha alisema. "Fundi, sasa tuambie kilichotokea."

"Mwalimu amesoma sawasawa," Fundi alisema. "Brashi anauza. Lakini mwenye kuuza humtazama mnunuzi, ama hutazama mali yake. Huyu anatazama viatu."

Mama wa ndizi alikuwa ameinama hadi pua inakaribia karatasi. "Na sakafu hii mbona inang'aa kama kikombe? Mwanamke huyu brashi anayo! Hii amenunua ya nini?

Basi amemsamehe," alijijibu mwenyewe. Nilikuwa nimeusoma ukurasa ule mara mbili, kwa lugha mbili, na sikuwa nimeiona sakafu. Mchoraji wa nchi ya mbali, ambaye hatujui jina lake, alikuwa ameificha hadithi yake kwenye bega na sakafuni, na walioipata ni fundi na muuza ndizi. Toka siku hiyo nilisoma maneno, Fundi akasoma yaliyobaki, na baraza ikajaa kuliko zamani. Rafiki zangu wa Jumapili walinicheka. Niliwaambia waje, mmoja alikuja, naye hakukosa tena.

Mwaka jana ugonjwa wa mtoto wa jicho ulimfunika macho yote mawili, akarudi kwake mlimani. Nilikuwa nikimpelekea magazeti. Mara ya mwisho nilikaa karibu na kitanda, nikasema, "Shikamoo, Fundi. Leo ni la majambazi," nikaanza kusoma. Akainua kiganja.

"Marahaba. Ngoja kwanza. Mikono wameiweka wapi?"

Nilitazama. Watu wawili wanazungumza kirafiki mezani. Mmoja mkono wake wa kushoto hauonekani kabisa. Nilimwambia. Akatabasamu kuelekea dirishani ambako hakuona kitu. "Sasa soma. Na usiamini lolote atakalosema huyo."

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi niliambiwa, tena na mtu asiyeona, na sitaacha kumshukuru. Kwa vijana wenzangu tunaoshika kalamu na kujivunia kusoma kwetu, nasema hivi: kabla hujamsahihisha mtu mbele za watu, mwulize kwanza yeye ameona nini. Ukimnyamazisha utabaki na maneno yako sahihi, na hakuna atakayekaa kuyasikiliza.