Fidla Kumi na Mbili za Katoni

Harufu ya unga wa muhogo ukichemshwa kuwa gundi hunisimamisha mpaka leo. Hunirudisha kwenye asubuhi moja ya Bujumbura, nikiwa na miaka tisa na hofu ya mtu mzima.

Mama alikuwa ametoka Uvira, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, na fidla moja tu. Shule moja ya Kigobe ilikubali afundishe somo moja la majaribio, mkurugenzi akitazama. Likienda vizuri, angepata kazi. Likiharibika, tungefunga virago katika chumba chetu cha Nyakabiga, turudi Uvira kwa mjomba ambaye hakututaka. Wanafunzi walikuwa kumi na wawili, basi mama akaamua kila mmoja apate fidla ya katoni, ajifunzie mahali pa kila uzi. Alikata kigezo kwenye boksi la sabuni, akakichonga mianya ya kuchorea nyuzi: mnene kushoto, mwembamba kulia. Kufuatisha, kupaka rangi na kubandika akaniachia mimi, fundi wake mkuu.

Kigezo kilikuwa na maandishi ya sabuni upande mmoja. Mimi na unadhifu wangu nikakigeuza, nisiyaone, nikachora zote kumi na mbili.

Asubuhi, nikizitia mfukoni kando ya fidla yenyewe, ndipo nikaona. Uzi mnene ulikuwa kulia. Kwenye zote! Mtoto akijifunza hivyo, akipewa fidla ya kweli angegusa uzi mwingine kabisa, mbele ya mkurugenzi. Nikaufunga mfuko upesi, mama asione. Naona aibu hata kuwasimulia.

Mama alinitazama. "We mutoto, uko mugonjwa?"

"Apana, mama."

"Basi enda unawe uso kwa robine."

"Nimeshanawa."

"Unawe tena."

Bombani kulikuwa na foleni ya ndoo. Nilingoja zamu yangu, nikanawa uso uliokwisha takata, kisha tukashika njia ya Kigobe. Kila nilipotaka kusema, niliona alivyoubana mfuko kwapani, nikaongeza mwendo. Darasani nilikaa karibu na mlango, nikafunika macho.

Nikamsikia mama: "Batoto, mugeuze carton zenu. Kwa mugongo kuko matobo. Kila mutu ajichoree kamba zake, tobo kwa tobo. Ile kubwa ikae kushoto."

Penseli zikaanza kukwaruza. Mwishowe mkurugenzi akasifu, "C'est bien, madame. Batoto bamejichorea benyewe." Mama akapata kazi. Nilidhani ameliona kosa palepale, akatoboa kwa kalamu huku mimi nimefumba macho. Sikuuliza, naye hakusema.

Siku hizi nami nafundisha fidla. Juma hili, nikiwachorea picha za fidla wanafunzi wangu wanaoanza, nilitoa katoni moja niliyoitunza tangu siku ile, nikaiinua dirishani. Matobo ni madogo mno. Ni ya sindano, na sindano ya mama haikutoka nyumbani kamwe. Ilikaa imechomekwa kwenye kalenda ukutani.

Kumbe alitoboa ncha za kila uzi nikiwa bombani, ili kwa nyuma ule mnene uangukie kushoto. Njia nzima ya Kigobe alijua, akanyamaza ili nisifike shuleni nikilia. Na ule mfuko aliubana vile kwa sababu naye alikuwa anaogopa. Laiti mmoja wetu angefungua kinywa, tungeogopa pamoja.