Aliteleza mawimbini na mkewe miaka yote, hakuwahi kumtazama

Saa mbili asubuhi, Fundi Viraka ameshapiga msasa nusu ya ubao na nyusi zake zimekuwa nyeupe kwa vumbi. Barakoa iko shingoni, mahali ambapo haimsaidii kitu. Ukimwambia aivae vizuri anaipandisha hadi kidevuni, anaona ametimiza wajibu.

Karakana yake ni chumba kimoja nyuma ya nyumba, mlango wa bati, madirisha mawili yasiyo na vioo. Ukutani zimeegemezwa mbao za kuteleza mawimbini zinazosubiri matibabu. Nyingine zimevunjika pua, nyingine zimeng'oka mapezi, na moja imekatika katikati kama muwa. Harufu ya gundi inakupokea kabla mwenyewe hajakukaribisha kiti.

Jina la Viraka alibandikwa na watu wa ufukweni. Ubao ukigonga mwamba na kutoboka, maji huingia kwenye sponji ngumu ya ndani na ubao huwa mzito, haufai. Yeye hukata palipoharibika, hujaza, hutandika kitambaa cha faiba, humimina gundi na kusubiri ikauke. Kisha hupiga msasa hadi kidole kisihisi mshono.

Kiraka kimoja humpa pesa ya kununua jozi ya viatu vya mtumba, tena vya wastani. Mawimbi yakiwa makubwa mbao huvunjika kwa wingi, na nyumbani wanakula vizuri. Bahari ikitulia, anasema, "tunakula huku tunatazamana."

Lakini ubao ulio mezani leo si wa mteja. Ni mnene, una pua ya mviringo, na upana wake unakaribia ule wa mlango. Hauna kiraka hata kimoja. Anamtengenezea mkewe, na mkewe hajauomba.

"Kaniambia nisijisumbue," anasema huku akipuliza vumbi. "Nikamwambia sijisumbui, najifurahisha. Kanitazama tu, akaenda zake."

Mkewe, muuguzi mstaafu wa zahanati, yuko jikoni, hatua chache kutoka hapo, na masikio yake hayajastaafu. "Mwambie mwandishi ukweli basi," anapaza sauti. "Mwambie huo ubao ni kwa ajili yako, si kwa ajili yangu."

Fundi anacheka kidogo. Kisha anaweka msasa chini, anavuta kigoda, anakaa.

Wawili hawa walikutana majini. Kijana Viraka, wakati huo bado hana kiraka hata kimoja cha kujisifia, alimpita binti aliyekaa juu ya ubao wake akisubiri wimbi, akaenda kukaa mbele yake. "Akaniambia, kaka, hapa kuna foleni. Ndiyo salamu yake ya kwanza hiyo," anakumbuka. "Nikaomba radhi, nikarudi nyuma. Nadhani ni mara ya mwisho kumwachia wimbi."

Walioana, wakaendelea kuingia majini pamoja kila asubuhi kabla ya kazi, kwa miaka ishirini na sita. Binti yao alipozaliwa waliingia kwa zamu kwa miezi kadhaa. Zamu ya mama ilipofika, baba alimbeba mtoto akarudi naye nyumbani kulala.

"Ningeweza kukaa naye pale mchangani," anasema. "Kivuli kilikuwepo. Nilitaka usingizi."

Asiyeteleza atadhani watu wanaoteleza pamoja wanaonana. Hawaonani. Mnakaa juu ya mbao zenu nje kidogo, pale mawimbi yanapoanza kuinuka, mmeipa nchi kavu kisogo. Mwenzako akidaka wimbi anaondoka nalo kuelekea ufukweni, na wewe uliyebaki nyuma unaona mgongo wa maji tu. Pengine utaona nywele zake zikipita juu ya ukingo, basi.

Nafasi ya kumwona mwenzako ipo moja, nayo ni wakati unarudi nje, umelala kifudifudi unapiga maji kwa mikono, na yeye anakuja juu ya wimbi kuelekea kwako. Hapo unaweza kuinua kichwa. Fundi Viraka hakuinua. Alipitia pembeni, kwenye mkondo ulio nyuma ya mwamba, kwa kuwa ndiyo njia ya mkato, ili awahi wimbi linalofuata.

"Kila siku nilijiambia, ngoja nichukue hili moja, halafu nitatoka nikae nimtazame," anasema. "Hili moja halikuisha."

Mkewe analeta chai, anaweka chupa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na kabla hajaulizwa anatoa ushahidi wake. "Mimi nilikuwa namwona. Namwona nyayo. Niko juu ya wimbi, naangalia kule aliko, naona nyayo mbili zinakimbia. Huyu mwanamume namjua nyayo, mwanangu, hata nikifungwa kitambaa machoni nitazipapasa nikwambie ndizo."

Anacheka mwenyewe. Mumewe anatazama chai.

Picha ipo moja tu, nayo imetundikwa juu ya rafu ya makopo ya gundi. Inamwonyesha Fundi Viraka katika ubora wake, tumbo ndani, goti la nyuma limepinda, mkono wa kulia juu. Nyuma yake, kati ya povu, kuna kitu kidogo cheusi ambacho mgeni angekidhania uchafu wa kioo. "Ni mimi huyo," anasema mkewe. "Kichwa."

Video je? Anashangaa swali. Nani angesimama ufukweni na simu kumrekodi muuguzi anayewahi zamu?

Miaka miwili iliyopita nyonga yake ya kushoto ilianza kugoma. Ilianza na maumivu ya kushuka ngazi, yakaja ya kuamka kitandani, hadi daktari akamwambia aache kuruka na kusimama juu ya ubao. Aliacha bila sherehe. Asubuhi moja alibaki nyumbani akachemsha maji ya chai, na mumewe akaenda majini peke yake.

"Sikujua kwamba ndiyo imekwisha," anasema Fundi. "Nilidhani kapumzika. Nikateleza vizuri sana siku ile, na nikarudi kumsimulia."

Jambo lililomkata maini lilitokea baadaye, hapahapa karakanani. Wateja wawili, wote wazee wa mawimbi, walikuwa wakibishana wakisubiri gundi ikauke. Mmoja ni mwalimu wa kuteleza, ambaye wote wanamwita Kocha. Walikuwa wakimkumbuka shemeji yao, jinsi alivyokuwa akichovya mkono kwenye ukuta wa maji huku wimbi likimkimbiza, taratibu, mtu asiye na haraka ya kufika popote.

Kocha alisema ulikuwa mkono wa kushoto. Mwenzake akakataa, akasema alichovya yote miwili kwa kupokezana. Ubishi ulipopamba moto wakamgeukia mwenye mke. Viraka, wewe sema, mkono upi?

"Wa kulia," alijibu, tena kwa sauti ya mtu anayemaliza kesi.

Mkewe alikuwa mlangoni na chupa ya chai, kama leo. Aliweka chupa chini. "Wa kulia ni wako wewe," alimwambia, akarudi jikoni.

Kocha, ambaye nilimkuta ufukweni akiwapaka wanafunzi wake mafuta ya jua puani, anaikumbuka siku hiyo na hapendi kuikumbuka. "Chai ile hatukuimaliza," anasema. "Sisi tulikuwa tukimwona shemeji anakuja juu ya wimbi, tunaacha kupiga maji. Tunakaa tu. Hata watu wenye papara walikuwa wanakaa. Mimi nilidhani Viraka anajua ana nini ndani ya nyumba. Kumbe sisi majirani ndio tulikula, mwenye sufuria hakuonja."

Jinsi mkewe alivyoujua mkono wa mumewe ni jambo ambalo Fundi mwenyewe hakuwahi kulijua hadi siku ile. Kazi ya zahanati ilianza mapema, kwa hiyo muuguzi alitoka majini kabla yake. Kuna ukuta mfupi wa mawe unaotenganisha barabara na mchanga. Alikaa hapo akikausha nywele, akavaa viatu vyake vyeupe vya kazini, na dakika zake chache za kupumzika alizitumia kumtazama mumewe.

"Kila siku?" namuuliza.

"Kila siku isiyo na mvua. Anapinda goti mno, nilimwambia akakataa. Na huo mkono anauinua hivi, utadhani anasimamisha gari." Anauinua mkono kuonyesha, na kweli, ndiye mtu wa kwenye picha.

Mumewe alidhani akitoka majini anakwenda kazini moja kwa moja.

"Niliona aibu," anasema Fundi, na sauti yake inashuka. "Si aibu ya kukosea mbele za watu, hiyo inapita. Ubao wake mimi ndiye niliyekuwa naushona. Najua kisigino chake kilibonyea wapi, najua aliegemea upande gani, maana ubao unabaki na alama. Mkono hauachi alama kwenye ubao. Huo ulitakiwa kutazamwa tu, na mimi sikutazama."

Je, mkewe aliumia? "Kidogo, nisikufiche. Sikuwa nateleza ili anione. Lakini mtu unapenda kujua kwamba mwenzako hata mara moja aliinua kichwa."

Mwezi uliopita daktari alimpa habari ya nusu furaha. Majini anaweza kurudi, na ubao anaweza kuutumia, ila awe amelala au amepiga magoti, na iwe siku ya mawimbi madogo. Fundi aliposikia hivyo, kesho yake alinunua sponji ngumu na faiba, akaahirisha mbao za wateja wawili ambao hadi leo hawajafurahi, akaanza kuchonga.

Mkewe alikataa siku hiyohiyo, na sababu yake si woga. "Hakuniona nilipokuwa naweza," anasema, safari hii bila kucheka. "Sasa anataka kuniona siwezi. Nilale kifudifudi kama mtoto anayefundishwa, halafu ndiyo iwe picha yangu kichwani mwake? Bora abaki na zile hadithi za akina Kocha."

Ni jibu ambalo mtu hawezi kulipiga msasa.

Fundi anasimama, anazunguka meza, anarudi palepale. "Yule wa zamani sitamwona," anasema, na ingawa ananitazama mimi, haongei na mimi. "Nilimkosa, na kosa ni langu, na halina fundi. Siombi arudishwe. Namwomba huyu aliyebaki. Akilala, nitamtazama amelala. Akianguka, nitamtazama anaanguka. Nisije nikaambiwa kwamba huyu naye nilimpita."

Mkewe anakusanya vikombe, kimoja kimoja, polepole kuliko vikombe vitatu vinavyohitaji. Nami, niliyekuja kuandika habari za gundi na viraka, natamani kuwa nje.

Kisha anavirudisha vikombe chini, anasogelea ubao, anapapasa ukingo wake kutoka puani hadi mkiani. Fundi ameacha kila kitu, anamtazama. Mkono anaopapasia ni wa kushoto.

"Huku umeacha ukali," anasema. "Na hapa katikati weka kitu laini, magoti yataniuma."

"Nitaweka."

"Na rangi usinipakie zile rangi zako za vijana."

"Utachagua mwenyewe."

Gundi ya mwisho itahitaji siku kadhaa kukauka sawasawa. Baada ya hapo watasubiri bahari itulie, ile bahari ambayo kwa kawaida Fundi Viraka huilaani kwa kumnyima wateja. Safari hii anaiomba ije mapema. Wamepanga iwe asubuhi, saa ileile ya enzi za zahanati, kabla wanafunzi wa Kocha hawajajaa.

"Ila wewe huingii," mkewe anamwambia.

"Siingii."

"Hata mawimbi yakigeuka yakawa mazuri?"

Hapo Fundi Viraka anakawia kidogo, mzee wa watu, na mkewe anaona anavyokawia.

"Hata yakiwa mazuri," anasema mwishowe. "Nitakaa pale ukutani. Nitakushikia viatu."