Pambio Ndani ya Kimya

Mwaka niliomaliza chuo nilikaa kwa shangazi yangu, Peckham, London, nikisubiri kuitwa kwenye usaili. Nilikuwa mtu wa kuwaza. Nikishatuma barua ya maombi niliisoma upya, nikitafuta sentensi iliyoniponza. Shangazi alisema kichwa changu ni redio ambayo hakuna anayejua inazimwa wapi.

Yeye alitunza wazee majumbani, na Jumapili mchana alipiga kinanda kwenye ibada ya Kiswahili, katika kanisa kuukuu la matofali tuliloazimwa na wenyeji. Alianza kupiga akiwa mtoto Muheza, kinanda cha kukanyaga. Hiki cha London kilikuwa cha mabomba, mengine marefu kuliko mlango.

Mmoja wa wazee aliowatunza alikuwa Mmarekani, mtunzi wa muziki. Shangazi alinisimulia maisha yake vipande vipande huku anapika, kwa hiyo hata leo yananijia na harufu ya vitunguu. Alizaliwa kwenye tambarare za ngano, mahali ambapo, mzee mwenyewe alidai, ungemwona mgeni asubuhi ukawahi kumpikia kabla hajafika. Baba yake alikuwa na matangi ya chuma ya kuhifadhia nafaka. Yakiwa matupu upepo uliyapuliza midomoni, yakavuma sauti moja tu, na mtoto yule alikua akidhani kila nyumba duniani inavuma hivyo. Kanisani walimpa kinanda kwa sababu miguu yake ndiyo iliyovifikia vibao vya chini. Baadaye alisoma muziki, akafundisha watoto wa watu, akamfuata mke London, akamzika hapahapa. Muda wote huo alitunga, karibu yote ya kinanda. Nota ya piano, alimwambia shangazi, huanza kufa pale inapozaliwa. Ya kinanda huishi mpaka ukionee huruma kidole chako.

Katika tungo zake kulikuwa na mmoja uliomnyima raha. Katikati yake sauti zote zinaondoka, inabaki nota moja ya chini, laini, utadhani ni jengo lenyewe linapumua. Mpigaji anaweka mikono mapajani. Kibao kinashikiliwa na uzito mdogo, na mtu mwingine anauondoa wakati ukifika, ndipo sehemu ya pili inaanza. Mzee aliiita sehemu hiyo kimya, ingawa nota ilikuwemo. Kila utungo ulipopigwa, watu walidhani umeisha, wakapiga makofi. Hakuwa amewahi kukisikia kimya chake kizima, na sasa masikio yalikuwa yanamwacha.

Shangazi akamwambia kwetu hakuna anayekipigia kinanda makofi.

Basi ikapangwa. Tulikwenda Southall, kwa Singasinga mmoja mzaliwa wa Kisumu mwenye duka la vyombo, tukapata jiwe la mizani, shangazi akalishonea kitambaa lisikwaruze kibao. Kazi yangu ilikuwa kuliondoa. Mzee angekaa mbele, kwenye kiti chake cha magurudumu, na akiinamisha kichwa, ninaondoa. Niliwaza wiki nzima. Je, akisinzia? Je, akiinama kufunga kifungo?

"Akisinzia nitakukanyaga mguu," shangazi alisema. "Lala."

Jumapili ile mwanga uliingia kwa madirisha ya rangi ukatua kwenye vitambaa vya akina mama, nikahisi kama tumekaa chini ya maji. Baada ya sadaka shangazi alianza. Hakuwa amewatangazia waumini chochote, maana mzee alitaka watu waliokuja kwa shughuli zao. Muziki ulikwenda polepole, ukipanda na kurudi, kama mtu anayetafuta chumba katika nyumba aliyowahi kuishi. Kisha sauti zikaondoka moja moja. Niliweka jiwe. Shangazi akaweka mikono mapajani.

Kikawa kimya. Nota ilikuwa ndani ya benchi, ndani ya meno yangu. Mtoto aliuliza kitu kwa Kiingereza akanyamazishwa. Sijui ulipita muda gani. Nilimwangalia mzee, alikuwa amefumba macho, uso umelegea kama wa mtu anayeogeshwa.

Hapo mama mmoja wa safu ya nyuma akaanza pambio.

Aliichukua sauti palepale kwenye ile nota. Mstari wa pili kanisa zima lilikuwa naye, wanaume wakashika besi, mtu akatia kayamba. Shangazi aliganda. Nikiondoa jiwe, nitawakata watu sauti katikati ya wimbo wa Mungu. Nisipoliondoa, je, mzee ataona nimeshirikiana nao? Nilimtazama nipate ishara. Hakuinamisha kichwa. Niliwaza amekasirika, nikawaza amekufa. Vidole vyake vilikuwa vinatikisika juu ya blanketi.

Waliimba mpaka pambio likaisha lenyewe. Wakavuta pumzi, na chini ya pumzi zao nota ikasikika tena, pale ilipoachwa, na hakuna aliyethubutu kuigusa. Mzee aliinama. Niliondoa jiwe, shangazi akaingia sehemu ya pili.

Wakati wa chai yule mama alikuja na sahani ya maandazi.

"Nilidhani umekwama, dada," alimwambia shangazi. "Nikasema, tutamwachaje mwenzetu na aibu mbele ya mgeni?"

Shangazi hakujua acheke au alie. Alikwenda kupiga magoti kando ya kiti cha magurudumu, akamwomba mzee radhi. Mzee aliuliza nani katunga ule wimbo. Shangazi akamjibu kwamba haujulikani, upo tu. Akauliza kama Jumapili ijayo watakuwepo watu walewale.

"Wapo kila Jumapili."

"Basi nipigie tena," alisema. "Na usiwaambie kitu."

Hatukuwaambia. Jumapili iliyofuata mzee alikuja na koti safi, kachana nywele. Shangazi alipiga vizuri kuliko mara ya kwanza. Muziki ukaondoka, nikaweka jiwe, mikono ikatua mapajani. Lakini baada ya wiki ile walikuwa wanajua kwamba hakuna aliyekwama. Akina mama walikaa wima, mabegi magotini, wakisikiliza kwa adabu, na yule wa safu ya nyuma alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya khanga. Hakuna aliyekohoa. Basi lilipita nje, likaenda zake, nota ikabaki. Kilikuwa kimya kizima, kama alivyokiandika.

Mzee alifumbua macho. Alingoja. Kisha akageuza shingo taratibu, kwa shida, akaangalia nyuma kule safu za mwisho, pambio lilikotokea mara ile, na hakuinamisha kichwa kwa muda mrefu sana.